Mtoto anaposafiri kwa ndege peke yake: Yanayompasa mzazi kujua

LIKIZO za shule zinapowadia, kaunta za viwanja vya ndege nchini hupokea abiria wa aina yake: mtoto wa miaka saba au minane aliyevishwa mfuko wa plastiki shingoni, ndani yake mkiwa na pasipoti, tikiti na fomu yenye sahihi nyingi. Mzazi aliyemsindikiza humwinamia, humrekebishia ukosi wa shati, kisha humkabidhi kwa mtumishi wa shirika la ndege ambaye hajawahi kumwona maishani. Mtoto hupunga mkono na kuingia ndani. Kuanzia hapo mzazi hubaki na simu yake ya mkononi na dua.

Sababu za safari hizo ni nyingi. Kuna mtoto anayekwenda Mombasa au Kisumu kuwaona nyanya na babu. Kuna yule ambaye wazazi wake wametengana na kila likizo huvuka mpaka ili akae na mzazi wa pili. Kuna pia aliyeachwa na jamaa huku nyumbani ilhali mama au baba anafanya kazi Dubai, Doha, London au Marekani, na nauli iliyopatikana inamtosha mtu mmoja tu.

Mzazi anayetafakari safari kama hiyo kwa kawaida huwaza mambo ya angani: ndege kutikisika, dhoruba, au mwanawe kulia akiwa mbali na nyumbani. Hata hivyo, visa vilivyowahi kuripotiwa vinaonyesha kuwa aghalabu mambo huharibika mtoto akiwa chini, pale anapotoka katika mkono wa mtu mmoja na kuingia katika mkono wa mwingine. Anayeielewa safari hii kuwa msururu wa makabidhiano atajua la kuuliza, la kuandika na la kukataa.

Huduma yenyewe

Katika lugha ya mashirika ya ndege, mtoto asiyeandamana na mtu mzima ni abiria wa daraja maalumu. Umri hutofautiana kutoka shirika moja hadi jingine, lakini mashirika mengi humkubali mtoto kuanzia miaka mitano. Aliye chini ya umri huo sharti asafiri na mtu mzima. Kuanzia miaka mitano hadi 11, shirika linalowakubali watoto hao hulazimisha huduma hii na kuitoza ada. Kuanzia miaka 12, mashirika mengi humhesabu mtoto kuwa anaweza kusafiri kama abiria wa kawaida, ingawa mzazi anaweza kuomba huduma hiyo na kuilipia.

Nchini Marekani, mashirika kadhaa makubwa hutoza takriban dola 150 kwa safari ya upande mmoja, mbali na nauli. Kwingineko, baadhi ya mashirika humtoza mtoto nauli ya mtu mzima kabla ya kuongeza ada hiyo. Ni vyema mzazi aulize gharama yote kabla ya kulipa chochote.

Si kila shirika hutoa huduma hii. British Airways, ambalo kwa miaka mingi lilisafirisha watoto wasio na wazazi, liliisitisha huduma hiyo mwaka wa 2016. Ryanair, shirika kubwa la nauli nafuu barani Ulaya, halimruhusu mtoto wa chini ya miaka 16 kusafiri bila mtu mzima. Mzazi wa Nairobi anayemnunulia mwanawe tikiti ya mashirika mawili, moja hadi Ulaya na jingine la kumalizia safari, huenda akagundua kuchelewa kwamba la pili halimtaki mtoto huyo kabisa.

Kwa sababu hiyo tikiti ya mtoto wa namna hii aghalabu hainunuliwi kwenye mtandao. Mzazi hupiga simu au kufika katika ofisi za shirika siku kadhaa kabla ya safari, kwa kuwa idadi ya watoto wanaokubaliwa katika ndege moja huwa na kikomo.

Desturi ya tangu zamani

Desturi hii si ya jana. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, watoto wa maafisa na wafanyabiashara wa Uingereza waliokuwa ng'ambo walisafirishwa kila muhula kwenda na kutoka katika shule za bweni za kwao. Shirika la BOAC, mtangulizi wa British Airways, lilikuwa na wasafiri wengi wa umri huo hivi kwamba mwaka wa 1957 lilianzisha chama chao, Junior Jet Club. Kila mwanachama alipewa daftari la kuandikia safari zake, naye rubani akalitia sahihi.

Septemba 9, 1970, ndege ya shirika hilo iliyokuwa ikitoka Bombay kuelekea London kupitia Bahrain na Beirut ilitekwa nyara na kupelekwa katika uwanja wa jangwani uliojulikana kama Dawson's Field, nchini Jordan. Miongoni mwa abiria walikuwamo watoto waliokuwa wakirejea shuleni bila wazazi wao. Mateka waliokuwa katika ndege hiyo hatimaye waliachiliwa, nayo ndege ikalipuliwa ikiwa tupu. Kisa hicho kilikumbusha kwamba mtoto aliye peke yake, mambo yanapoharibika, humtegemea mtu mzima aliye karibu naye, awe nani.

Sheria yasemaje?

Marekani haina kanuni ya serikali kuu inayosimamia safari za watoto wasioandamana na watu wazima. Wizara ya Uchukuzi ya nchi hiyo imeyaachia mashirika yenyewe kujiwekea masharti. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, unahusu fidia ya abiria anayeumia, anayecheleweshwa au anayepoteza mizigo. Hauzungumzii malezi. Kwa maneno mengine, shirika huuza usafiri na uangalizi wa muda mfupi. Haliwi mzazi.

Nchini Kenya, Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa na kutunzwa na wazazi, na kinasema jukumu hilo ni la mama na baba kwa usawa. Kifungu hicho pia kinaagiza kwamba maslahi ya mtoto yawe jambo la kwanza katika kila suala linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, imejengwa juu ya msingi huo. Aidha, kuna Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010. Ndiyo maana afisa wa uhamiaji anapomwona mtoto aliye peke yake huuliza maswali mengi. Mzazi asiyaone maswali hayo kuwa usumbufu, kwani afisa huyo huyo ndiye kizuizi kwa mtu anayetaka kumvusha mtoto asiye wake.

Stakabadhi zinazohitajika

Kwa safari ya ng'ambo, mtoto anahitaji pasipoti yake mwenyewe, viza ikiwa nchi anakokwenda inaidai, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na barua ya idhini kutoka kwa wazazi. Inafaa barua hiyo iwe hati ya kiapo iliyoshuhudiwa na wakili, yenye majina kamili ya wazazi, nambari zao za vitambulisho na za simu, tarehe za safari, na jina la atakayempokea mtoto. Ikiwa mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo kiambatishwe. Ikiwa mahakama imempa mzazi mmoja malezi, nakala ya agizo hilo iwepo.

Nchi nyingine zina masharti ya ziada. Afrika Kusini, ambayo ilianza kutekeleza kanuni kali kuhusu safari za watoto Juni 2015 na kuzilegeza baadaye kwa wanaosafiri na wazazi, iliendelea kumdai mtoto aliye peke yake idhini ya wazazi, barua ya mwenyeji wake yenye anwani na nambari za simu, pamoja na nakala ya kitambulisho au pasipoti ya mwenyeji huyo. Anayekwenda Tanzania kutoka Kenya hudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na mtoto wa umri wa kwenda shule hasamehewi.

Masharti haya hubadilika. Mzazi aulize katika ubalozi wa nchi husika na katika shirika la ndege, na majibu ya pande hizo mbili yasipolingana, aombe jibu la maandishi.

Kutoka mkono hadi mkono

Fomu ya shirika la ndege ndiyo uti wa mgongo wa safari nzima. Huandikwa jina la mtoto, jina la aliyemleta, na jina la atakayempokea, kila mmoja na anwani na simu yake. Mtumishi wa kaunta hutia sahihi anapompokea mtoto. Wahudumu wa ndege hutia sahihi wanapokabidhiwa. Mtumishi wa uwanja wa pili hutia sahihi naye, na mwishowe mwenyeji huonyesha kitambulisho, kikalinganishwa na jina lililo kwenye fomu, kisha akatia sahihi ya mwisho.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Fomu huandikwa jina la shangazi, lakini siku hiyo shangazi akapata udhuru na kumtuma mumewe. Mtumishi mwadilifu hatamkabidhi mume huyo mtoto, hata mtoto akimkimbilia na kumkumbatia. Dawa yake ni kuandika majina ya wapokezi wawili tangu mwanzo, ikiwa shirika linaruhusu, na kuyaandika jinsi yalivyo katika vitambulisho vyao. Jina la kubandikwa ambalo kijiji kizima hulijua halisaidii kitu mbele ya mtumishi wa uwanja.

Mzazi naye haruhusiwi kuondoka mara tu mtoto anapoingia. Mashirika mengi humtaka abaki uwanjani hadi ndege ipae. Sharti hilo lina maana, kwani ndege inaweza kuondoka langoni na kurudi kwa hitilafu ndogo, na mzazi akawa tayari amekwama katika msongamano wa Barabara ya Mombasa.

Makosa yalivyotokea

Desemba 21, 2023, mvulana wa miaka sita alipandishwa ndege ya shirika la Spirit mjini Philadelphia, Marekani, akamwone nyanya yake mjini Fort Myers, jimbo la Florida. Ndege ilipotua Fort Myers, nyanya alimsubiri mjukuu asimwone. Begi la mtoto lilikuwa limefika, lakini mwenyewe hakuwamo. Alikuwa amepandishwa ndege nyingine iliyokwenda Orlando, umbali wa takriban kilomita 250 kwa barabara. Shirika liliomba radhi, likasema mtoto alikuwa chini ya uangalizi wakati wote, na baadaye likatangaza kuwa mtumishi aliyehusika hakuwa akifanya kazi nalo tena.

Miaka 14 kabla ya hapo, Juni 2009, shirika la Continental lilikuwa limefanya kosa la namna hiyo mara mbili katika muda wa siku chache. Msichana wa miaka 10 aliyekuwa akienda Cleveland alifikishwa Newark, na wa miaka minane aliyekuwa akienda Charlotte alifikishwa Arkansas.

Visa vyote vitatu vinafanana. Hakuna ndege iliyokuwa na hitilafu wala rubani aliyekosea njia. Mtoto alipotezwa katika hatua chache kati ya sebule ya abiria na mlango wa ndege. Lakini katika visa hivyo hivyo, mtoto mwenyewe angeweza kuwa kinga ya mwisho. Mtoto anayejua jina la mji anaokwenda, na aliyefundishwa kumuuliza mhudumu mlangoni, "Hii ndege inakwenda Mombasa?" amejilinda kuliko wingi wa mihuri iliyo shingoni mwake.

Safari inapovurugika

Ndege ya moja kwa moja ndiyo salama zaidi kwa mtoto. Shirika la United la Marekani huwakubali watoto hawa katika ndege zake za moja kwa moja pekee, na mengine huwakataza wadogo zaidi kubadilisha ndege njiani. Kila kituo cha kubadilishia ndege ni makabidhiano mengine mawili, na pia ni nafasi ya kukwama.

Wakenya wanajua vyema jinsi ratiba inavyoweza kuvunjika. Agosti 7, 2013, moto uliteketeza sehemu ya abiria wanaowasili katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, na ndege zikaelekezwa Mombasa na kwingineko. Novemba 2022, mgomo wa marubani wa Kenya Airways uliwakwamisha maelfu ya abiria kwa siku kadhaa. Septemba 11, 2024, wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma na kuvuruga safari. Mtu mzima akikwama hutafuta hoteli. Mtoto hana uwezo huo.

Kwa hivyo mzazi aulize mapema maswali haya: Ndege ikighairishwa, nani atalala na mtoto? Atalala wapi? Nani atanipigia simu, na baada ya muda gani? Iwapo ndege itaelekezwa mji mwingine, nina jamaa huko? Shirika ambalo watumishi wake hawawezi kujibu maswali hayo bila kubabaika halifai kukabidhiwa mtoto. Ni busara pia kuepuka ndege ya mwisho ya siku, kwa kuwa ikifutwa hakuna nyingine hadi asubuhi.

Angani

Wazazi wengine hudhani mtoto atakaa na mhudumu kando yake safari nzima. Sivyo. Kwa kawaida ndege huwa na angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50, naye ana kazi ya usalama na ya kuhudumia wote. Atapita kumwangalia mtoto, atamsaidia kufunga mkanda na kumwonyesha msala, lakini hatamlisha wala hatamsimulia hadithi. Aghalabu hakubaliwi kumpa dawa. Mtoto mwenye pumu au mzio unaohitaji matibabu ya haraka asisafiri peke yake kabla ya daktari na shirika kukubaliana kwa maandishi.

Kuhusu jirani wa kitini, mashirika kadhaa yaliwahi kuwa na kanuni ya kutomweka mwanamume kando ya mtoto aliye peke yake. British Airways ilishtakiwa kwa kanuni hiyo na abiria aliyehamishwa, na mwaka wa 2010 ikakiri ubaguzi. Malalamiko kama hayo yaliifikia Virgin Australia mwaka wa 2012. Mzazi anaweza kuomba mwanawe akae karibu na sehemu ya wahudumu. La muhimu zaidi ni kumfundisha kwamba hakuna mtu mwenye ruhusa ya kumgusa isivyofaa, na kwamba kubonyeza kitufe cha kumwita mhudumu si utundu.

Masikio nayo yana shida yake. Hewa ndani ya ndege hushikiliwa katika kiwango kinacholingana na kuwa kwenye mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo mtoto anayepaa kutoka Nairobi huenda asihisi mengi. Anaposhuka Mombasa, mabadiliko ni makubwa zaidi, na masikio huweza kuuma. Peremende ya kumung'unya au kumeza mate mara kwa mara husaidia. Mtoto mwenye mafua makali heri aahirishe safari.

Je, mtoto yu tayari?

Umri ulioandikwa katika masharti ya shirika ni kipimo cha shirika. Mzazi ana vipimo vyake. Je, mtoto hujieleza kwa mtu mzima asiyemjua? Anaweza kwenda msalani na kujisafisha mwenyewe? Anajua kwa moyo nambari ya simu ya mzazi, au huitegemea simu ambayo chaji ikiisha ataduwaa? Amewahi kulala mbali na wazazi bila kulia usiku kucha? Na zaidi ya yote, yeye mwenyewe anataka kwenda? Mtoto wa miaka tisa asiyetaka kusafiri hayuko tayari kuliko wa miaka saba anayehesabu siku.

Familia inaweza kuanza na hatua ndogo. Ndege ya Nairobi hadi Mombasa huchukua takriban saa moja. Mtoto aliyeipanda mara moja akiwa na mzazi, akaonyeshwa kaunta, ukaguzi, lango la kuabiria na sehemu ya mizigo, huifahamu njia anapoipanda peke yake. Familia iafikiane pia juu ya neno la siri, ili yeyote atakayedai ametumwa na mama alitaje kwanza. Mfukoni mwa mtoto mwekwe nakala ya fomu, nambari tatu za simu na pesa kidogo za nchi anakokwenda. Begi lake liwe jepesi kiasi cha kubebwa na yeye mwenyewe.

Kunazo nyakati ambapo jibu sahihi ni la. Wazazi wanapozozania malezi na mmoja hajakubali, safari isubiri uamuzi wa mahakama. Mpokezi ambaye mzazi anamjua kupitia simu tu hatoshi, hata kama ni jamaa. Na mtoto anayeahidiwa shule au kazi ng'ambo na mtu aliyejitolea kulipa nauli yote anahitaji afisa wa watoto kabla ya tikiti.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari. Mtoto aliyeandaliwa vyema hushuka ndege akiwa na hadithi ya kusimulia mwaka mzima, na kwa watoto wengi safari hiyo ndiyo njia pekee ya kumwona mzazi. Kwa mzazi, saa ile ya kusubiri huisha kwa simu moja kutoka upande wa pili: "Nimempokea, nimetia sahihi, yuko nami." Kabla ya kusikia maneno hayo, na kabla ya kumsikia mtoto mwenyewe akizungumza, safari haijaisha.